UZI: Wachoraji wa Taos, na wenyeji waliogeuzwa wageni kwenye ardhi yao wenyewe

Mzee wa Brashi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu utakuwa mrefu, anayeusoma kwa simu atafute pa kukaa.

Mimi nachora sura za watu kwa rangi za mafuta, ndiyo kazi inayoniweka mjini. Kwa hiyo nitaongea kama fundi, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye ufundi. Nataka tuwaongelee wachoraji wa Marekani waliojikusanya Taos, New Mexico, wakawachora Wapueblo, wenyeji wa asili wa pale, kwa ustadi mkubwa, na kwa ustadi huohuo wakawafanya waonekane watu wa kupita, watu wa zamani, watu wasio wa dunia hii tunayoishi sisi wengine.

Tuanze na picha moja. Inaitwa "Elk-Foot of the Taos Tribe", ya mwaka 1909, ipo kwenye makumbusho ya sanaa ya Smithsonian kule Washington. Aliyeichora ni Eanger Irving Couse. Mwanaume amesimama wima, blanketi limemzunguka mwili, mkononi ameshika fimbo. Kwa upande wa kazi, sina neno la kumsema Couse. Alisomea Paris chini ya Bouguereau, mchoraji Mfaransa, na mtu aliyepita mikononi mwa Bouguereau anajua ngozi. Anajua mwanga unavyoteleza juu ya mfupa wa shavu, anajua blanketi la sufu linavyokunjika tofauti na la pamba. Ukiitazama huwezi kusema "huyu katunga". Jicho linaamini.

Sasa tazama ile fimbo. Ni ya wapiganaji wapanda farasi wa kwenye mbuga za nyati za Marekani, waliokuwa wanamgusa nayo adui vitani ili kuonyesha ushujaa. Aliyesimama pale ni Jerry Mirabal, mtu wa Taos Pueblo, kijiji cha Wapueblo, na watu wa Taos Pueblo ni wakulima. Wanalima mahindi na maharage, wanachimba mifereji ya kumwagilia, wanaishi kwenye nyumba za udongo za ghorofa ambazo zimekaliwa kwa takriban miaka 1,000. UNESCO iliiweka ile Pueblo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1992. Couse alihitaji shujaa wa vita, akampa mkulima fimbo, akamlipa ujira wa kusimama.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mchoraji asiyejua kazi akidanganya, anakamatwa mapema. Mchoraji wa uhalisia akidanganya, kila mstari uliochorwa kwa usahihi unamtolea ushahidi wa uongo.

Mzee wa Brashi

Naendelea, kwa wale wasiojua historia ya pale.

Wa kwanza kufika alikuwa Joseph Henry Sharp, mwaka 1893. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Miaka miwili baadaye akiwa Paris aliwasimulia vijana wawili Wamarekani habari za Taos: Bert Phillips na Ernest Blumenschein. Septemba 1898 hao wawili walikuwa njiani na gari la farasi kutoka Denver wakielekea Mexico, gurudumu likavunjika milimani kaskazini ya Taos. Wakarusha sarafu nani alipeleke kwa mhunzi, ikamwangukia Blumenschein. Akafika nalo Taos, akaona mwanga wa pale, akaona watu, safari ya Mexico ikaishia hapo. Phillips alibaki moja kwa moja. Mwaka 1915 wakaunda chama chao, Taos Society of Artists, wakiwa sita: Sharp, Phillips, Blumenschein, Couse, Oscar Berninghaus na W. Herbert Dunton. Couse akawa rais wa kwanza. Chama kilidumu hadi 1927.

Mnunuzi wao mkubwa alikuwa kampuni ya reli ya Santa Fe. Reli ilitaka abiria, na abiria walitaka sababu ya kwenda Kusini Magharibi. Kampuni ikawa inanunua picha na kuzichapa kwenye kalenda za kila mwaka, na picha za Couse zilitumika kwenye kalenda zaidi ya 20. Hebu fikirieni familia ya Chicago yenye kalenda ile ukutani jikoni. Mwaka mzima wanamwona mwanaume kifua wazi, amechuchumaa kando ya moto, ameinamisha uso, anatazama mtungi au mshale. Januari hadi Desemba. Mwakani tena, moto mwingine, kuchuchumaa kulekule.

Anayechora sura za watu anajua uzito wa macho. Mtu akikutazama kutoka kwenye picha, mnakuwa wawili chumbani. Akitazama chini, unamwangalia tu, kama unamchungulia. Watu wa Couse karibu siku zote wanatazama chini au pembeni. Hawana la kukuuliza. Hawajui kama upo.

Huku studio moto ukichorwa, nje mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1906 serikali ya Marekani ilichukua Blue Lake, ziwa takatifu la watu wa Taos milimani juu, ikaliingiza kwenye msitu wa taifa. Watoto walikuwa wanapelekwa shule za bweni za serikali, wanakatwa nywele, wanakatazwa lugha yao. Kanuni za mwaka 1883 zilikuwa zimeshafanya ngoma na ibada kadhaa kuwa makosa ya kuadhibiwa, na mwaka 1921, tena 1923, kamishna Charles Burke akatoa waraka wa kuzibana zaidi ngoma hizo. Kwa hiyo mtu mzima mwenye nywele ndefu za kusukwa analipwa ili achorwe akiwa na nywele zake, na mwanawe ananyolewa kwa amri. Hilo la pili hulioni kwenye kanvasi hata moja ya Couse.

Na mwenye picha, yaani mchoraji, ni mtu aliyeingia pale kwa gurudumu bovu. Aliyechorwa, babu zake wamezikwa palepale. Halafu picha ikimalizika, aliyechorwa ndiye anayeonekana mgeni.

Kasuku Mweusi

Mkuu, heshima yako, uzi mzuri na umejipanga. Ila naona unawaonea hawa wazee.

Kwanza, wasingechora, leo tungekuwa na nini? Picha za kamera za wakati ule hazina rangi. Nguo, mitungi, ushanga, yote hayo tunayaona kwa rangi zake kwa sababu ya hao hao. Pili, walilipa. Mtu alikaa, akapewa ujira, akaenda kununua mahitaji yake. Hakuburutwa. Tatu, hao wachoraji walisimama na Wapueblo serikali ilipotaka kugawa ardhi yao. Sasa tukisema walikuwa wabaya, tutakuwa tumeonea.

Mzee wa Brashi

Kaka Kasuku, asante kwa kuleta hoja. Sikusema walikuwa wabaya, na hilo la ardhi ni kweli, ngoja niliweke sawa watu walielewe.

Mwaka 1922 seneta Holm Bursum wa New Mexico alipeleka muswada bungeni ambao ungewapa walowezi ardhi waliyokuwa wamejikalia ndani ya maeneo ya Wapueblo. Wasanii na waandishi wa Taos na Santa Fe walitia saini tamko la kuupinga, na Blumenschein alikuwa mmoja wa waliopaza sauti. Wapueblo wenyewe, Novemba mwaka huohuo, walikutana Santo Domingo, vijiji vyao vikaweka msimamo mmoja, wakatuma wajumbe wao hadi mashariki. Muswada ukaanguka. Wachoraji walikuwa majirani wa kweli siku hiyo, na nawapa haki yao.

Ila soma tena hiyo habari. Wanaume walewale wanaochuchumaa kwenye kalenda ndio waliopanga mikutano, wakasafiri kwa treni, wakasimama mbele ya kamati za bunge kubishania mipaka. Nani aliwachora wakifanya hivyo? Hakuna aliyeweka mjumbe wa Pueblo mwenye koti na karatasi mkononi kwenye kalenda ya reli. Wangeweza kumchora wakitaka, kwa sababu Blumenschein mwenyewe mwaka 1920 alichora "Star Road and White Sun", kijana yuko mbele amekutazama usoni moja kwa moja, mzee yuko nyuma yake. Wote wawili wana majina, na yamekuwa jina la picha. Ukiiweka karibu na ya Couse unaona tofauti mara moja: huyu kijana anajua upo, na hana haraka ya kukupenda.

Kuhusu kumbukumbu za nguo: Sharp alikuwa na stoo ya mavazi aliyoyakusanya kwa Wacrow, kabila jingine la wenyeji, kule Montana, na baadaye akawa anawavalisha watu wa Taos. Couse naye alikuwa na vifaa vyake studio. Kitu kinaweza kuwa cha kweli, mtu wa kweli, na mkutano wao ukawa wa kutungwa. Mtafiti akitaka kujua mtu wa Taos alivaa nini mwaka 1910, hizo picha zitampoteza, tena zitampoteza kwa rangi nzuri sana.

Yupo mmoja aliyejaribu njia nyingine, Walter Ufer. Mzaliwa wa Ujerumani, amekulia Kentucky, mjamaa wa siasa kali za wafanyakazi. Meya wa Chicago wakati huo, Carter Harrison, ndiye aliyemsukuma kwenda Taos mwaka 1914. Ufer alisema wazi kwamba yeye anamchora Mpueblo alivyo sasa: anachimba bustani, yuko shambani, anavua samaki. Alitoka studio akaenda kuchora juani. Jua la Ufer ni kali, linaumiza macho, vivuli vyake vina rangi ya bluu. Jim Mirabal alikaa kwa ajili yake miaka na miaka, na mwaka 1935 Ufer alimchora kwenye "Bob Abbott and His Assistant", pamoja na gari bovu. Gari! Baada ya miaka yote ile ya mitungi na moto, mtu wa Taos hatimaye anaonekana kwenye karne aliyokuwa anaishi.

Njoro wa Denver

Habari zenu wandugu. Niko Colorado, nimeona jina la Taos nikashtuka, maana ni mwendo wa siku moja tu kwa gari kutoka kwangu. Nimefika pale na familia.

Niwaambie yanayofanyika leo. Unalipa kiingilio, halafu unapewa masharti. Humpigi mtu picha bila kumwomba. Nyumba ambayo watu wanaishi huingii, unaingia zile tu zenye kibao cha duka. Makaburini hupiti. Siku za ngoma kamera ni marufuku kabisa, hata simu usiitoe mfukoni. Ile sehemu ya zamani haina umeme wala maji ya bomba, kijito kinapita katikati kati ya majengo mawili makubwa, na wenyewe wameamua ibaki hivyo. Blue Lake usiulize, mtu wa nje haendi.

Mwanangu mkubwa alimuuliza kijana aliyetutembeza kwa nini kamera zinakatazwa. Akajibu kwa upole tu kwamba watu wamewachukua picha za kutosha. Mimi wakati ule sikuijua historia hii ya kalenda, sasa ndiyo naelewa alikuwa anazungumzia nini.

Lile ziwa walirudishiwa, nadhani mleta uzi utaongezea.

Mzee wa Brashi

Asante sana kaka Njoro, umetupeleka mpaka mlangoni.

Ndiyo, lilirudi. Miaka 64 ya kudai. Desemba 1970 Rais Nixon alisaini sheria ya kuwarudishia ziwa pamoja na ekari 48,000 kulizunguka. Wakati huo Couse, Sharp, Phillips, Ufer wote walishafariki. Watu waliochorwa kama masalia ya kizazi kinachokwisha ndio waliobaki na kushinda kesi ndefu kuliko maisha ya chama cha wachoraji mara tano.

Binti Kilindini

Salaam kwa wote. Kaka Mzee wa Brashi, nimesoma kimyakimya lakini hapa siwezi kupita. Sisi Kenya tunayo ya kwetu, na wengi hawaijui kwa sababu jina la huyo mama wanalihusisha na simba tu.

Joy Adamson. Kabla ya habari za simba wake Elsa alikuwa mchoraji. Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, ambayo leo iko Jamhuri ya Czech, akaja Kenya mwaka 1937. Alianza na maua na mimea, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Alizunguka nchi nzima miaka kadhaa, akatoa mamia ya picha. Nyingi ziko Makumbusho ya Taifa Nairobi. Nimesimama mbele yake mara nyingi. Vito, mikufu, ngozi za kuvaa, amevichora kitu kwa kitu, ushanga unaweza kuuhesabu.

Lengo lilikuwa kuhifadhi mavazi yaliyokuwa yanaachwa. Maana yake mtu mwenye shati na suruali hakufaa kuchorwa hivyo, ilibidi apatikane mzee mwenye vazi la sherehe, au livaliwe kwa ajili ya kuchorwa. Sasa weka kalenda mezani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Huku mama anachora Mkikuyu na mapambo ya tohara, huku maelfu ya Wakikuyu wako kambi za kuzuiliwa, wamepigwa chapa ya Mau Mau. Serikali ileile ndiyo inayolipa kote kuwili.

Nazipenda zile picha, nisiseme uongo. Mamangu aliona mkufu mmoja pale akakumbuka jina lake na namna nyanyake alivyoufunga. Lakini nikitoka pale huwa na swali lilelile: hawa watu waliongea nini siku ile wamekaa? Mama Adamson alibaki na sura, maneno hayakuandikwa popote pale ukutani.

Kasuku Mweusi

Dada Kilindini, hilo la 1952 limenigusa. Sikuwahi kuziweka hizo tarehe pamoja.

Mkuu mleta uzi, nina swali moja. Hao watu wa Taos walikaa studio miaka na miaka, wanaona rangi zinavyochanganywa, wanaona brashi zinavyofanya kazi. Hakuna hata mmoja aliyechukua brashi?

Mzee wa Brashi

Kaka, umenifikisha pale nilipokuwa naelekea.

Walichukua. Albert Looking Elk Martinez alikuwa anakaa kuchorwa na Berninghaus, na Berninghaus akampa rangi na brashi. Akaanza. Albert Lujan na Juan Mirabal nao wakachora kwa mafuta. Wakachora kile wanachokiona wakifungua mlango: zile ghorofa za udongo, kijito, mlima nyuma, theluji kwenye ngazi. Lujan alikuwa anauza kwa watalii palepale nyumbani, vipande vidogo vya kubebeka kwenye begi. Looking Elk baadaye alikuja kuwa gavana wa Pueblo.

Mngedhani dunia ya sanaa iliwapokea. Haikuwapokea. Wakubwa wa Santa Fe waliojiita watetezi wa sanaa ya wenyeji walitaka "sanaa ya asili", na mafuta, kivuli, umbali unaofifia, hayo waliyaona ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1932 Dorothy Dunn alifungua studio kwenye shule ya wenyeji Santa Fe, na mtindo uliotukuzwa pale ulikuwa wa rangi bapa, bila kivuli, bila umbali. Vipaji vizuri vilitoka pale, sikatai. Ila oneni mlango ulivyofungwa. Mzungu akichora uhalisia wa Taos, ni msanii. Mtaos akichora uhalisia wa nyumbani kwake, ameharibika, ameiga, si halisi tena. Uhalisia ulikuwa na mwenyewe.

Mimi fundi hili linanikasirisha kuliko ile fimbo ya mwaka 1909. Mtu amejifunza kuchanganya kijani cha mlima wake kwa kuangalia tu, huku amekaa bila kutikisika masaa kwa ujira wa kibarua, halafu anaambiwa kijani hicho si chake.

Lipo la kutia moyo. Pedro Mirabal alikuwa mmoja wa waliokaa kuchorwa pale Taos. Binti yake Eva, aliyezaliwa mwaka 1920, alipita kwenye studio ya Dunn, akajiunga na jeshi la wanawake wakati wa Vita Kuu ya Pili, na humo akachora katuni ya askari wa kike, "G.I. Gertie". Kizazi kimoja tu, kutoka kuchorwa hadi kuchora, tena akachora kitu ambacho hakuna mtalii aliyemwagiza.

Binti Kilindini

Kaka, na je, kuna mahali popote mambo yalikwenda vingine? Yaani mchoraji mgeni, ufundi uleule wa uhalisia, lakini aliyechorwa akabaki na nguvu yake?

Mzee wa Brashi

Dada, naijua moja iliyo karibu na hiyo, New Zealand.

Gottfried Lindauer, mzaliwa wa Plzeň, Bohemia, alifika kule mwaka 1874 akachora Wamaori, wenyeji wa kule, kwa miaka mingi. Mteja wake mmoja mkubwa alikuwa Henry Partridge, mfanyabiashara wa Auckland, aliyeagiza picha nyingi akazifungulia ukumbi mtaa wa Queen. Kwenye picha za Partridge utaona joho za jadi, manyoya, silaha, kama kalenda za Couse.

Lakini Wamaori wenyewe nao walimwagiza Lindauer. Familia zilimlipa achore wazee wao, na picha hizo zikawekwa nyumbani na kwenye nyumba za mikutano, zikatolewa msibani zikae karibu na jeneza, zikaongeleshwa kama wazee wenyewe wamefika. Na kwenye picha nyingi walizolipia wao, mzee amevaa koti, shati jeupe na mnyororo wa saa, mama amevaa gauni la kola ya lasi, na chale za moko ziko usoni zimechorwa mstari kwa mstari. Mkono uliochora ni uleule. Aliyelipa ndiye aliyebadilika, na aliyelipa alitaka achorwe jinsi alivyokwenda mjini wiki ile.

Kesho nikipata nafasi nitaeleza jinsi Ufer alivyopanga rangi zake za jua, maana kuna vijana wawili wameniandikia pembeni wanataka kujua kile kivuli cha bluu kinapatikanaje.